Barabara ya Ishirini na Mbili

Ngamiani mtu hapotei. Barabara zina namba,
ya Kwanza hadi ya Ishirini na Moja,
kama watoto waliopangwa mstarini kwa kimo.
Alfajiri, mwadhini akiwa bado anakohoa kwenye kipaza,
Staida Shemweta anafunga raba za mtumba za Tangamano,
kushoto namba sita, kulia sita na nusu,
kwa hiyo mguu wa kulia unavaa soksi mbili.

Mimi niko nyuma yake na baiskeli isiyo na breki,
simu nimeifunga kwa mpira kwenye usukani.
Witiri, mbio. Shufwa, pumzi.
Ndiyo kanuni yetu nzima.

Ya Tano, fundi cherehani hufungua ubao mmoja wa dirisha,
huuliza kila siku: "Mnamkimbia nani?"
Ya Saba hatuijui harufu yake, tunaipita upesi mno.
Ya Kumi na Tatu ina mbwa.
Watu wanasema hajawahi kumuuma mtu.
Staida humwita Kocha.

Chuo chetu cha ualimu kina uwanja wenye mashimo ya fuko.
Mistari tunaichora kwa majivu ya jikoni;
mvua ya vuli ikinyesha usiku
asubuhi tunaomba majivu tena.

Mwaka jana, Morogoro, aliongoza mita mia saba.
Mia saba, peke yake, kama anayekwenda kupokea mshahara.
Kisha miguu ikawa ya mtu mwingine,
mtu mwenye madeni,
na watatu wakampita bila hata kumtazama.
Ndani ya basi hakusema neno. Segera, kimya.
Muheza akanunua machungwa sita dirishani,
akamenya moja kwa meno, akasema:
"Nilijifunza kukimbia mia saba."

Tangu siku ile, tukifika ya Ishirini na Moja,
mwili ukishatua mzigo na kudai maji,
tunaongeza barabara moja ambayo haipo,
haimo kwenye ramani wala midomoni mwa watu.
Nikamwambia: ishirini na mbili ni shufwa, shufwa ni pumzi.
"Hii siyo," akasema, tayari yuko mbali.

Mkwakwani, Jumamosi. Jua limekaa jukwaani
kama lililolipa kiingilio.
Bastola iligoma mara mbili,
mwamuzi akaanzisha mbio kwa kugonganisha mbao.
Mzunguko wa kwanza Staida ni wa sita.
Wanachuo wenzetu wakageuka kunitazama mimi,
kana kwamba nimemfungia mlango.

Kengele.
Wa tano. Wa nne.
Nikaona midomo yake inacheza, nikajua hesabu:
kumi na saba,
kumi na tisa (na mbwa wa Kumi na Tatu bado yuko kisiginoni).
Aliye mbele, msichana wa Singida mwenye hatua ndefu,
mabega yameanza kupanda kuelekea masikioni.
Nayajua mabega yale. Niliyaona Morogoro,
yalikuwa ya kwetu.
Ishirini na moja.
Hapo Staida akakata kona,
akaingia mtaa ambao wenzake saba
hawajawahi kuambiwa kwamba upo.

Sikuona kifua kikigusa utepe.
Mimi, mshika saa, nilikuwa nimefumba macho.
Muda wake ulisomwa kwenye kipaza kinachokoroma,
tukasikia "Staida" na "mbili", basi,
na vigelegele vikafunika yaliyobaki.

Usiku, chumbani, akauliza: "Nimepata ngapi hasa?"
Nikatoa simu mfukoni.
Ilikuwa bado inahesabu:
saa nne, dakika kumi na tisa, na sekunde zinakwenda.
Alicheka hadi medali ikagonga chuma cha kitanda.
"Usiizime," akasema,
akavua raba ya kulia,
soksi ya kwanza,
soksi ya pili.